Kwanini Mario ya kwenye kompyuta inakimbia kuliko ile ya kwenye TV ya chogo?

#1 Pedi_Mbovu
Wakuu habari. Nina kompyuta kuukuu ya GB 2 za ram, Windows ilikuwa inachukua muda wa kusonga ugali mpaka ifunguke, nikaifuta nikaweka antiX (Linux nyepesi) sasa inaruka kama mbuzi. Watoto wakilala ndo muda wangu, nafungua katuni kwenye MComix nasoma kurasa kadhaa, macho yakichoka nahamia RetroArch (programu ya emuleta, yani inaiga mashine za gemu za zamani) napiga za zamani, Contra, Mario, Circus Charlie, Battle City (ile tuliyokuwa tunaiita Tank). Starehe ya bei ya bure kabisa, hakuna bando, hakuna tangazo la kubeti linalokuruka usoni.

Sasa kuna kitu kinanisumbua na mke wangu kachoka kunisikiliza. Mario INAKIMBIA. Sio sana ila inakimbia, na muziki wake una haraka haraka hivi. Mimi nimekulia Morogoro, gemu tulicheza kwenye TV ya chogo na mashine ya mchina, vidole vyangu vinakumbuka kabisa muda wa kuruka lile shimo la kwanza la 1-1, hatua ya kwanza kabisa. Sasa hivi nikiruka kwa kumbukumbu nadumbukia. Mdogo wangu anasema ni uzee. Mwenye maelezo ya maana aje.

#2 Kijiti
Ni uzee mkuu. Uzi ufungwe.

#3 Msaka_Bando
Angalia usije ukawa umegusa kile kitufe kirefu cha nafasi kwenye kibodi. RetroArch ukikigusa kinawasha mwendo wa mbio na hakizimi mpaka ukiguse tena. Mi kilinitesa mpaka nikataka kufuta programu nzima.

#4 Pedi_Mbovu
#3 asante ila sio hicho. Kile ukikigusa Mario anakuwa kama kamwagiwa upupu na kuna alama inatokea juu ya skrini. Hii yangu ni kidogo tu, mtu ambaye hakucheza zamani hawezi kujua.

#5 Kijiti
Yaani tatizo ambalo mtu mwingine hawezi kuliona. Nimerudi tena kusema ni uzee.

#6 Fundi_Chogo
Ngoja niweke hili vizuri maana hizi mashine nimezifungua sana enzi zangu.

TV za kwetu zilikuwa mfumo wa PAL, picha zinachorwa 50 kwa sekunde. Japani na Marekani wao NTSC, karibu 60 kwa sekunde. Sasa gemu za Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo, ilitoka Japani 1983) ziliandikwa kwa kuhesabu picha, yani kila picha moja ikichorwa ndo Mario anasogea hatua moja, ndo muziki unasogea, ndo kila kitu. Hakuna saa nyingine humo ndani. Mchina alipotengeneza mashine za nchi za PAL, gemu likawa lilelile la Mjapani ila picha ni 50 badala ya 60, kwahiyo kila kitu kikapungua kasi kama asilimia 17 hivi. Wewe mkuu ulijifunza kuruka kwenye mwendo wa 50. Emuleta inakupa 60 kama ilivyo Japani. Mario wako hajaongeza mwendo, wewe ndo ulimzoea anayetembea pole.

#7 Kijiti
Kwahiyo utoto wetu wote tulikuwa tunacheza slomo?? Nani atarudisha hela za watu pale kibandani

#8 Nuru_wa_Funguni
Jamani msisahau umeme! Kwetu Unguja jioni watu wote wakiwasha feni na taa umeme unakuwa mdogo, picha ya TV inasinyaa inabaki ndogo katikati, na gemu nalo linakwenda pole pole. Mie nimeyaona kwa macho yangu. Umeme wa sasa umetengemaa ndio maana mbio.

#9 Fundi_Chogo
#8 dada picha kusinyaa ni kweli kabisa, TV ya chogo umeme ukishuka picha inanywea. Lakini kasi ya gemu inatoka kwenye kristali, kile kibati kidogo cha kung'aa karibu na chipu. Kristali haijali umeme mdogo, inapiga mapigo yaleyale mpaka mashine inazima kabisa. Umeme ukishuka sana unapata mistari na herufi za ajabu au mashine inaganda, ila mwendo wa pole hupati.

#10 Nuru_wa_Funguni
Haya fundi. Lakini mie nimeliona.

#11 kobe_wa_terminal
#6 nakubali nusu. Kama ni PAL basi muziki nao ungeshuka sauti, uwe mzito kama kanda iliyochoka. Kwenye NES (jina la Famicom nje ya Japani) halisi ya Ulaya ndo ilivyokuwa, prosesa yao ilishushwa mpaka 1.66 MHz wakati ya Mjapani ni 1.79. Mimi nakumbuka muziki wa Mario wa utotoni ulikuwa sauti ileile ya kawaida. Sasa unaelezaje?

#12 Fundi_Chogo
Swali zuri ndo raha ya uzi huu. NES ya Ulaya na mashine ya mchina ni vitu viwili tofauti. Zile nilizofungua mimi zilizokuwa na chipu mbili kubwa, zilikuwa za UMC wa Taiwan, UA6527P ndo prosesa na UA6538 ndo ya picha. Hawa jamaa walikuwa wajanja, prosesa wakaiacha 1.77 MHz karibu sawa na Mjapani ila picha ni 50. Kwahiyo noti inabaki ileile, kinachopungua ni mwendo wa wimbo. Warusi waliuziwa mashine za namna hiyo kwa jina la Dendy kuanzia mwisho wa 1992, ndo maana ukifungua mipangilio ya emuleta nyingi unakuta NTSC, PAL halafu na Dendy. Hiyo Dendy ndo chogo letu.

#13 Kijiti
Fundi kumbe sie na Warusi ndugu.

#14 Bado_Mapema
Samahani lakini TV bara imeanza 1994. Sasa nyie wa Morogoro na TV za miaka hiyo mlizitoa wapi? Au tunatungiana?

#15 Pedi_Mbovu
Mkuu kituo ndo hakikuwepo, TV zilikuwepo. Watu walikuwa na deki wanaangalia kanda za video za Bruce Lee, mtaa mzima unajaa sebuleni. Na mimi sikusema mwaka, nimecheza mwishoni mwa 90.

#16 Nuru_wa_Funguni
#14 na sie wa visiwani unatuweka wapi? TV ya rangi tunayo tangu miaka ya 70, bara bado mnasikiliza redio 😂

#17 Fundi_Chogo
Na kuna TV za mtumba za Japani zilikuwa zinaingia kwa meli, zile ni NTSC. Ukichomeka mashine ya PAL picha inakuwa nyeusi na nyeupe au inapanda juu haitulii, unaleta kwa fundi. Nimekula sana hela hizo.

#18 mpwani_001
Hapa Mombasa pia tulikua na kibanda chetu huko Majengo, ukilipa unapewa maisha matatu ya Contra ukifa watoka. Sasa kulikua na kijana mmoja ajua ile siri ya juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, apata maisha thelathini, akikaa hapo hatoki mpaka maghribi. Mwenye kibanda akaja kugundua, akaweka sheria mtu asiguse pedi mpaka gemu lianze. Ile siri si ya Contra kwa asili, ilianzia Gradius 1986, yule mtengenezaji Kazuhisa Hashimoto aliona gemu ni gumu sana kulijaribu akajiwekea njia ya mkato, halafu akasahau kuitoa.

Kuhusu mwendo mimi sioni tofauti. Labda huko kwenu.

#19 Kijiti
#18 huyo kijana ni wewe

#20 mpwani_001
Sitasema bila wakili bana

#21 kobe_wa_terminal
Jamani tuache kubishana kwa kumbukumbu, Mario ina kipimo ndani yake. Ile saa ya juu kulia inaanza 400 na inapungua moja kila picha 24. Zidisha, ni picha 9600 mpaka iishe. Ukiwa kwenye 60 ni sekunde 160, yani dakika 2 na sekunde 40. Ukiwa kwenye 50 ni sekunde 192, dakika 3 na sekunde 12. Nenda 1-1, simamisha Mario pale mwanzo, halafu tulia uhesabu kwa saa ya simu mpaka Mario afe mwenyewe. Tofauti ni nusu dakika nzima, haina ubishi.

Mwenye mashine halisi bado inawaka apime atuletee.

#22 Msaka_Bando
Mashine halisi nani anayo 2020s hii

#23 Kaka_Deki
Ninayo mimi. Iko darini na pedi moja. Nitapima wikiendi.

#24 Sultani_wa_MSX
Salaam kutoka Maskati. Mimi sikucheza hizo za kaseti za mchina, huku Ghuba nyumba nyingi zilikuwa na Sakhr, kompyuta za MSX za kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, kibodi ina herufi za Kiarabu. Marehemu babu alimnunulia ammi wangu ili ajifunze hesabu, hesabu yenyewe ikawa Penguin Adventure ya Konami. Hii habari ya 50 na 60 ni kweli tupu, sisi wa MSX tunaijua siku nyingi. Kwenye MSX2 unaandika mwenyewe kwenye BASIC, VDP(10)=0 inakwenda 60, VDP(10)=2 inarudi 50, na gemu lile lile unaliona kwa macho linabadilika mwendo mbele yako. Sasa hivi natumia openMSX, ni programu huria na inakuja na C-BIOS (programu ya kuwashia mashine) ambayo watu wameiandika upya wenyewe, huhitaji kutafuta BIOS ya wizi.

#25 Pedi_Mbovu
#24 ahsante sheikh. Hebu nipe jina la gemu jingine zuri la MSX nijaribu.

#26 Sultani_wa_MSX
Knightmare. Utalia.

#27 Daftari_la_Sani
Nimekuja kwa ajili ya katuni mnazungumza kristali. Mleta mada umesema unasoma katuni, unasoma zipi na unazitoa wapi? Mimi nilikuwa mtu wa Sani, lile gazeti la katuni, Lodilofa na Ndumilakuwili walinilea. Natamani nizipate kwenye simu.

#28 Pedi_Mbovu
Mkuu za kwangu nyingi ni zile za zamani za Kimarekani ambazo hakimiliki ilishaisha, kuna tovuti inaitwa Digital Comic Museum wamezikusanya, unajisajili unapakua bure. Mashujaa wasiojulikana, za kutisha, za wachunga ng'ombe, nyingine ni upuuzi mtupu ila michoro yake unaitamani. Zinakuja kama faili la CBZ. Siri ya CBZ ni kwamba ni zip tu iliyojaa picha, ukibadilisha jina la mwisho inafunguka kama zip yoyote. CBR ni rar.

Nyingine ni Pepper&Carrot ya Mfaransa David Revoy. Kachawi kadogo na paka wake. Anachora kwa Krita kwenye Linux na anaweka kila kitu wazi, mpaka faili za kuchorea zenye leya zote, leseni yake inakuruhusu hata kuiuza alimradi umtaje. Ameanza 2014 na bado anaendelea. Mimi huwa nafungua leya zake moja moja naangalia alivyopaka rangi, usiku unaisha hivyo.

#29 Daftari_la_Sani
Sani sasa?

#30 Bado_Mapema
#29 Sani iko chini ya hakimiliki mkuu, sheria yetu ya 1999 inalinda kazi mpaka miaka 50 baada ya mwenye kazi kufariki. Mtu akiskani akazimwaga mtandaoni anawaibia familia za wachoraji. Dawa ni wenye mali wenyewe waziskani wauze, hata kwa buku mbili mbili ningenunua zote.

#31 Daftari_la_Sani
Mimi nina box zima chini ya kitanda, mchwa wameanza kusoma kabla yangu. Nikiskani zangu mwenyewe nikasoma mwenyewe kwenye simu kuna askari atakuja?

#32 Kijiti
Atakuja kuazima

#33 mchoraji_wa_jiwe
Kuhusu Pepper&Carrot, maneno yake yamewekwa kwenye faili za SVG tofauti na michoro, unafungua na Inkscape unaandika lugha yako bila kugusa picha. Nilianza sehemu moja kwa Kiswahili kwa kujifurahisha. Shida ni vile viputo vya maneno, Mfaransa kaandika neno moja mimi nina mstari mzima, ukipunguza herufi haisomeki, ukitanua kiputo unafunika sura ya paka. Mwisho nikawa nabadili sentensi yenyewe mpaka iingie. Kazi ngumu ila tamu.

#34 Msaka_Bando
Endelea mkuu tutasoma.

#35 Kaka_Deki
Haya nimerudi. Mashine yangu ni ile nyeupe na nyekundu ya kaseti za njano, ilinunuliwa Kariakoo mwaka 96 au 97 hivi. Pedi inabonyea kushoto tu lakini kwa kusimama inatosha. TV ni chogo la inchi 14 la mama, kakubali kwa shingo upande kwasababu tamthilia ilikuwa inaanza. Nimepima kwa saa ya simu. Dakika 3 na sekunde 12. Nimerudia, 3 na 13. Nafikiri kidole tu.

#36 Fundi_Chogo
Sina la kuongeza. Naomba soda.

#37 Pedi_Mbovu
Nami nimepima kwenye kompyuta, 2 na 40 kamili. Fundi heshima yako.

#38 Kijiti
Basi nimejiuzulu kwenye suala la uzee. Kwa muda.

#39 Mtoto_wa_Polystation
Samahanini nawaharibia sherehe. Mimi ninayo Polystation, ile inayofanana na PlayStation ukifungua kifuniko unakuta sehemu ya kaseti 😂 nayo ilinunuliwa hapahapa Dar. Nimepima jana usiku. 2 na 41. TV ni chogo vilevile na picha ina rangi zake zote. Sasa hapo PAL iko wapi?

#40 Fundi_Chogo
#39 Polystation ni za baadaye, ndani hakuna chipu mbili tena, kuna tone jeusi la gundi na kila kitu kimo humo kwenye silikoni moja. Viwanda vilikuwa vingi na kila kimoja na lake. Kuna waliotoa rangi za PAL lakini picha 60, TV nyingi za miaka hiyo zinakubali. Kwahiyo wote wawili mko sawa.

#41 Mtoto_wa_Polystation
Ila hapo maelezo yako yamekuwa kama mganga, ikipona ni dawa yako isipopona ni mgonjwa hakufuata masharti

#42 Fundi_Chogo
Lete hiyo mashine nifungue mbele yako.

#43 kobe_wa_terminal
Kuna jambo jingine hamjaligusa. Nintendo walipoleta Super Mario Bros rasmi Ulaya hawakuiacha ipungue mwendo, waliirekebisha ndani ya gemu lenyewe, wakaongeza kasi za Mario ili kwenye 50 ionekane karibu na kawaida. Sasa ukichukua hilo la Ulaya ukaliendesha kwenye 60, ndo linakimbia kweli kweli kuliko la Japani. Na mafaili mengi ya zamani kichwa chake hakisemi kama ni la Ulaya, emuleta inaangalia jina la faili au orodha yake, isipojua inaweka 60. Mleta mada faili lako linaitwaje? Lina neno Europe?

#44 Pedi_Mbovu
Linaitwa mario.nes. Nilipewa kwenye flashi na jamaa.

#45 kobe_wa_terminal
Hapo sasa hatuna ushahidi.

#46 Bado_Mapema
Na hilo la flashi Nintendo wakisikia hawatakuuliza kama ni la Ulaya au la Japani.

#47 Nuru_wa_Funguni
Au lile la kaseti ya 9999 ndani ya moja? Zile walizichezea, unakuta Mario anaanzia katikati, mwengine anaruka juu mpaka anatoka nje ya picha. Na gemu zenyewe ni kumi tu zimerudiwa majina. Pengine tulilocheza utotoni ndilo lililochezewa na hili la kompyuta ndilo sahihi.

#48 mpwani_001
#47 dada hapo umenena. Kuna Contra nlikua nayo yaanza kwa kukuuliza wataka bunduki gani.

#49 mpenda_mzigo_huru
Nyie mnaogopa Nintendo bure, kuna gemu mpya za mashine hizohizo ambazo ni huria kabisa. Tafuta Nova the Squirrel, kindi anaruka na kukopi uwezo wa maadui, leseni ni GPL na msimbo wake wote uko wazi. Watu wanaandika kwa cc65, zana ya kuandikia programu za mashine hizo, ambayo nayo huria. Prosesa ya 1.79 MHz na ram ya kilobaiti 2 tu, na Mario nzima ni kilobaiti 40. Picha moja ya harusi kwenye simu yako inabeba Mario wengi. Ndo maana yale mawingu na vichaka vya Mario ni mchoro uleule umebadilishwa rangi, walikuwa wanabana nafasi.

#50 Kijiti
Subiri. Mawingu na vichaka ni kitu kimoja???

#51 mpenda_mzigo_huru
Angalia tena.

#52 Kijiti
Nimeangalia. Sijisikii vizuri.

#53 mtu_wa_viwango
Pole pole na neno huria. RetroArch ni GPL sawa. Nestopia (emuleta ya NES ndani yake) sawa. Ila sio kila kilichomo ni huria, snes9x na Genesis Plus GX (emuleta za mashine nyingine) leseni zao zinakataza biashara, ndo maana mashine za kuuza zenye hivyo vitu zina kesi ya kujibu. MAME nayo ilikuwa hivyohivyo mpaka 2016 ndo wakabadilisha. Mleta mada hauzi kitu kwahiyo lala usingizi.

#54 Pedi_Mbovu
Wakuu nimefuata ushauri wa fundi #12, nimeingia kwenye mipangilio ya Nestopia nimechagua Dendy. Nimepima, 3 na 12 imekaa. Lakini sasa ndo balaa. Mwendo ni ule wa pole lakini sio ULE. Mario anaburuta, anakwenda kwa kushtukashtuka picha inapopita. Muda wa shimo umerudi vizuri naruka bila kufikiri, ila macho yanakataa. Sijui nisemeje.

#55 Fundi_Chogo
Hiyo ni monita. Monita yako inachora 60, gemu linatoa 50, kwahiyo kila sekunde kuna picha kumi zinarudiwa mara mbili ndo unaona kushtuka. Chogo lilikuwa linachora 50 kwa 50, laini kabisa. Kama monita yako inakubali Hz 50 iweke huko kwanza.

#56 Msaka_Bando
Mi naona ni ucheleweshaji. Chogo ukibonyeza picha inaitikia palepale, monita za sasa na kompyuta zinachelewesha kidogo, mkono unaona uzito. RetroArch wana kitu kinaitwa Run-Ahead, kinapunguza huo uzito. Kwenye GB 2 sijui kama itabeba lakini kwa Nestopia nadhani ndiyo.

#57 mchoraji_wa_jiwe
Na picha yenyewe wakuu. Chogo linayeyusha rangi, nukta na nukta zinaungana, kuna mistari myeusi katikati. Wachoraji wa zamani walichora wakijua hilo. Monita inakuonyesha kila tofali lilivyo. Weka ile shader (kichujio cha picha) ya zfast-crt ni nyepesi, utaona macho yanatulia. Na usinyooshe picha ijaze skrini pana, Mario anakuwa mnene na mtu mnene anaonekana mzito.

#58 Kijiti
Kwahiyo sasa sababu ni PAL, kiwanda, faili la Ulaya, kaseti ya 9999, monita, ucheleweshaji, unene wa Mario na umeme wa Unguja.

#59 Nuru_wa_Funguni
Ahsante kwa kunihesabu 😊

#60 Pedi_Mbovu
Monita haikubali 50, inaandika nje ya uwezo na kuwa nyeusi. Shader nimeweka, hapo mchoraji shukrani, ni nzuri mno hata kusoma katuni sasa natamani iwe hivyo. Run-Ahead kompyuta imeanza kupumua kama inapanda Uluguru. Nimerudisha 60 kwa sasa, nitajifunza kuruka upya.

#61 Kaka_Deki
Au uje uchukue hii ya darini. Mama anataka TV yake lakini.

#62 Sultani_wa_MSX
Kwa wapenda katuni na gemu pamoja, kuna Beneath a Steel Sky ya 1994. Utangulizi wake ni katuni iliyochorwa na Dave Gibbons, na wenyewe waliitoa bure mwaka 2003 ichezwe kwenye ScummVM, programu ya kuchezea gemu za zamani za namna hiyo. Kwenye Debian unaipata hapohapo kwenye hazina, hakuna flashi ya jamaa. Gemu la kuzungumza na kufikiri, hakuna kuruka mashimo, kwahiyo ndugu Pedi_Mbovu utapumzika.

#63 Pedi_Mbovu
Nimeiweka. Ile roboti ina mdomo! Kwa faida ya wengine, antiX imejengwa juu ya Debian kwahiyo amri ni ileile.

#64 Mtoto_wa_Polystation
Fundi nimeituma hiyo mashine na bodaboda, naomba usiniunguzie.

#65 Fundi_Chogo
Imefika. Nimefungua, ni tone jeusi kama nilivyosema, ila kristali yake imeandikwa namba ambayo sijawahi kuiona na imesuguliwa nusu. Nitatafuta kipimo cha masafa niazime. Halafu mkuu humu ndani kuna mende watatu wakavu.

#66 Mtoto_wa_Polystation
Hao ni wa dukani nilikuta nao

#67 Kijiti
Mende ndo wanaongeza kasi. Wekeni kwenye orodha.

#68 Daftari_la_Sani
Kuna mtu anajua skana ya bei nafuu ambayo Linux inaitambua bila kuhangaika? Nimeamua kabla mchwa hawajamaliza.

#69 mtu_wa_viwango
Angalia orodha ya SANE (programu ya skana kwenye Linux) kabla hujanunua, ina skana nyingi na hali zake. Chukua iliyoandikwa kamili, achana na nyingine hata ziwe rahisi vipi. Skani kwa dpi 300, zitie kwenye zip, badilisha jina iwe CBZ, umemaliza.

#70 Daftari_la_Sani
Shukrani. Na hizo CBZ kwenye kompyuta ya mke wangu zitafunguka? Yeye anatumia Okular kwa PDF tu.

#71 mtu_wa_viwango
Okular inafungua zote.